Mkono wa Kulia wa Tunu

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wanakua, mvua imebomoa ukuta wa uani, mengine tutaongea. Najua tangu Idi mimi ndiye niliyenyamaza. Nisamehe, nina neno.

Bega limegoma. Daktari kasema nisinyanyue mkono juu ya kichwa miezi sita. Nikamuuliza, hata nikiwa nimekaa? Akadhani namtania. Nikamweleza kazi yangu ya kumchezesha Tunu, kikaragosi wetu: kujibanza chini ya meza, mkono juu, shingo imepinda, macho kwenye monita. Kimya. Kisha akauliza, "Na wanakulipa?" Nilicheka mpaka bega likauma.

Basi studio wameniletea kijana. Yeye achezeshe, mimi nitoe sauti tu. Najua si jambo geni. Hata Caroll Spinney, aliyemchezesha Big Bird, yule kikaragosi ndege wa Sesame Street, tangu 1969, mwili ulipomshinda mwaka 2015 alibaki na sauti, mpaka akastaafu 2018. Lakini yule alikuwa keshavuka miaka 80! Mimi nina 52, Saidi.

Kijana ana bidii, sikatai. Ila anafumbua mdomo kwa kuinua vile vidole vinne, basi kila silabi Tunu anarusha kichwa nyuma kama kuku anayekunywa maji. Nimemwambia kinachosema ni kidole gumba, hivyo vingine vitulie. Unakumbuka uliponiwekea ile kanda ya Kami, yule kikaragosi wa Afrika Kusini? "Usitazame macho, tazama kidevu." Nami namwambia hivyo hivyo, mpaka lafudhi yako naiiga. Na monita nayo inamchanganya, si kioo ile: akivuta kulia, Tunu anakwenda kushoto. Juzi kaangusha chupa ya chai ya dairekta. Hapo nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Lakini kijana siye anayenikosesha usingizi. Jana nilikaa pembeni na maiki, nikasema maneno ya Tunu, kumbe mkono uliolala pajani unafumbua na kufumba wenyewe. Mama Zuu wa mavazi akaona, akageuza uso. Sauti ilitoka, ila... sijui nisemeje. Ilikuwa yangu.

Tangu uhamie Tanga mkono wa kulia wa Tunu, ule uliokuwa ukiuchezesha wewe, tumeushonea kifuani, maana hakuna aliyeuweza. Wewe ulikuwa unajua nitapumua wapi. Kijana anahitaji mtu wa kubanana naye kule chini amfundishe hilo. Mimi kwa maneno siwezi. Nimejaribu, nikaishia kumfokea.

Utakuja? Siku mbili tu, hata katikati ya wiki? Ile glavu ya kahawia yenye kidole kilichotobolewa na panya unayo wewe, au ilipotea? Maana Mama Zuu kapekua masanduku yote. Na shemeji atakuruhusu, au bado ana kinyongo na ile safari ya Bagamoyo? Nauli nitume kwa namba ile ile?

Nduguyo,
Kidole Gumba