Kwa ajili ya wenzetu wanaongoja majibu

Wapendwa, wenzetu wawili wamepandikizwa kiinitete (yai lililorutubishwa maabara) wiki hii. Kipimo cha damu cha kujua kama mimba imeshika hufanywa baada ya siku 10 hadi 14, na kungoja huko kunachosha kuliko hata sindano. Tafadhali msiwaulize, "Vipi, umeanza kusikia dalili?" Projesteroni, homoni wanayotumia kusaidia mimba ishike, huleta maumivu ya matiti na tumbo kujaa, mimba iwepo isiwepo. Waulizeni kama wamekula, au wasindikizeni soko la Kibuye. Waume zao nao wapigiwe simu. Hao tunawasahau kabisa, na wanaumia. Anayelemewa na maneno ya nyumbani aniandikie kando, hata usiku. Jumamosi saa nane mchana tukutane Dunga, ufukweni. Picha za watoto tusitume humu kundini kwa sasa, naomba sana.