Ukarabati usigeuke kaburi la majumba ya kale

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu jumba la Hôtel Lambert, Paris, imemsifu Louis Le Vau, msanifu aliyeanza kulijenga 1640 kwenye kisiwa cha Saint-Louis, miaka mingi kabla ya kulipanua kasri la Versailles. Sifa hizo anazistahili. Lakini moto wa Julai 2013 mmeupitia kwa sentensi moja, kana kwamba ulikuwa moshi wa jikoni.

Moto ule ulizuka usiku, jumba likiwa tupu na ukarabati ukiendelea. Ukumbi wa Hercule, wenye dari iliyochorwa na Charles Le Brun, ulinusurika. Chumba cha kuogea hakikubahatika: michoro ya Eustache Le Sueur, iliyodumu zaidi ya karne tatu na nusu, iliteketea. Paa jipya fundi ataliezeka. Le Sueur hatarudi kushika brashi. Na kanisa kuu la Notre-Dame, jirani kabisa, nalo liliwaka Aprili 2019 likikarabatiwa.

Serikali ya Ufaransa isitoe kibali cha ukarabati wa jengo la namna hii kabla mwenye mali hajaonyesha walinzi wa usiku na vitambua moshi vinavyofanya kazi. Nanyi mtuandikie makala ya pili, juu ya moto huo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam