Kihispania cha waongoza watalii kipewe alama zake

Mhariri,

Karatasi za Kihispania zinazopitishwa mkono kwa mkono na waongoza watalii hapa Malindi hazina alama za mkazo (kile kistari juu ya herufi, kama á), na kasoro hiyo huharibu karibu kila sentensi ya wakati ujao. Wanaozichapisha wazirekebishe. Mgeni huuliza nini zaidi ya tutaondoka saa ngapi na mashua itafika lini?

Kanuni ni nyepesi: kitenzi hakikatwi. Chukua llegar, yaani kufika, kikiwa na r yake, kisha ongeza mwisho: llegaré (nitafika), llegarás (utafika), llegará (atafika), llegaremos (tutafika), llegaréis (mtafika), llegarán (watafika). Wageni wa Amerika ya Kusini hawatumii llegaréis. Kwao "mtafika" pia ni llegarán. Miisho ni hiyohiyo kwa comer na subir: comeré, nitakula, subiré, nitapanda. Hata volver, ambacho wakati uliopo hugeuka vuelvo, hapa hutulia: volveremos, tutarudi.

Tunapokosea, mara nyingi ni Kiitaliano tulichokizoea. Mwitaliano husema visiteremo (tutatembelea), a ya visitare imegeuka e. Mhispania husema visitaremos, a haiguswi. "Visiteremos Gede" si Kiitaliano wala si Kihispania.

Lakini kosa zito zaidi linatokana na Kiswahili chetu, ambacho hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hapa hukaza ya mwisho: lle-ga-RÁ. Ukikaza katikati, lle-GA-ra, umeingia katika maneno ya "kama ingefika", na mgeni aliyelipia safari ya kwenda kwenye matumbawe anabaki akijiuliza kama mashua ipo. Llegaremos pekee ndiyo inayofuata mkazo wetu, ndiyo maana haina alama. Na kuandika alama kwenye simu hakuna taabu: shikilia herufi a au e mpaka zile zenye alama zitokee, uchague.

Vitenzi vinavyobadili shina ni vichache, kama 12 hivi ukiacha vilivyoundwa kutokana navyo: tener hutoa tendré, poder podré, hacer haré, venir vendré. Vipewe ukurasa wao, na salir itangulie, kwa sababu "saliremos" husikika sana ufukweni. Sahihi ni saldremos: saldremos a las ocho, tutaondoka saa mbili.

Mwalimu wa lugha,
Malindi