Kwa Nini Tatuu Yako Imetoka na Mabaka

Jumamosi moja mwezi uliopita, watu wanne wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, aliingia dada mmoja ambaye tulimchora waridi begani wiki tano kabla, akashusha blauzi upande mmoja mbele ya wote na kutuambia kwamba tumemtia wino uliochakachuliwa. Ni kweli kwamba ua lile lilikuwa limeharibika. Petali za pembeni zilikuwa zimekolea kama siku tuliyozichora, lakini katikati palikuwa na mabaka matatu ya kijivu, na moja lilikuwa na umbo la tone lenye kingo kali, kama kipande cha rangi kilichobanduliwa ukutani. Nilimkaribisha kiti, nikasogeza taa, nikamuuliza kwa utaratibu siku ya sita au ya saba ilikuwaje. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ilikuwa ikiwasha kupita kiasi.

Lalamiko la namna hii hutufikia karibu kila mwezi hapa Arusha, na wateja wetu wa Moshi hututumia picha kwa simu wakiuliza jambo hilohilo. Linaniuma, kwa sababu wino tunaomtia mteja wa asubuhi ndio huohuo tunaomtia wa jioni, na mmoja hurudi na kazi iliyotulia ilhali mwenzake anarudi na mabaka. Tofauti iko kwenye wiki tatu za mwanzo, ambazo mteja huziishi nyumbani kwake bila sisi kuwapo.

Tatuu mbichi ni kidonda. Sindano hupita ngozi ya juu na kuuacha wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2, na ngozi yote ya juu iliyotobolewa hufa na kubanduka, kwa kawaida kuanzia siku ya nne hivi hadi wiki ya pili. Wino unaobaki chini humezwa na seli za kinga za mwili, ambazo hushindwa kuusaga na hivyo hukaa nao palepale; mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, nyingine huja na kuudaka wino uleule, na ndiyo maana mchoro hudumu. Lakini kazi hiyo ya kuudaka na kuutuliza inahitaji kidonda kiachwe kipone kwa mwendo wake. Gamba ambalo bado limeshikana na nyama ya chini ukilivuta hutoka na wino wake, na mahali pale hubaki shimo dogo ambalo likipona huwa baka. Dada wa waridi alikuwa ameling'oa gamba kwa ukucha usiku, nusu usingizini.

Kwa hiyo mteja anaposhuka kitandani kwetu huwa tumemfunga plastiki safi, na humwambia aiondoe baada ya saa mbili hadi nne, si kesho yake. Huosha kwanza mikono, kisha huosha mchoro kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akitumia kiganja tu, bila dodoki na bila kitambaa, mpaka ule utelezi wa maji ya njano na wino uliozidi uishe. Hukausha kwa kugusagusa na karatasi laini ya kutupa, kwa kuwa taulo la bafuni ni nyumba ya vijidudu. Akisubiri dakika kumi ngozi ikauke vizuri, hupaka mafuta kidogo sana, kiasi cha punje ya harage kwa mchoro wa ukubwa wa kiganja, mpaka ngozi ing'ae kidogo tu. Hurudia hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Asubuhi akikuta shuka limenata kwenye mchoro, jambo ambalo hutokea sana usiku wa kwanza, asilivute hata kidogo, bali alilowanishe kwa maji ya uvuguvugu hadi liachie lenyewe. Miezi ya baridi, Julai hasa, masweta ya sufu hutuletea shida hiyohiyo mchana, kwa hiyo ndani livaliwe fulana laini ya pamba.

Sasa nije kwenye njia za mkato, maana hizo ndizo zinazowagharimu watu.

Ya kwanza ni mafuta ya mgando kupakwa kama siagi kwenye mkate. Mtu hudhani kadiri yanavyokuwa mazito ndivyo kidonda kinavyolindwa, kumbe ngozi hulowa chini yake, magamba huvimba na kuwa laini kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, na yakitoka hayatoki peke yake. Ya pili ni spiriti. Kijana mmoja fundi magari aliipangusa tatuu yake kwa spiriti asubuhi na jioni kwa siku tano akiamini anaua wadudu, na aliporudi ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, nami sikuweza kuigusa kwa miezi miwili. Ya tatu, ambayo mimi binafsi inaniogopesha zaidi, ni kufungua kapsuli ya antibiotiki, ile ya rangi mbili, na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Mwanafunzi mmoja wa Moshi alifanya hivyo kwa ushauri wa rafiki yake wa hosteli. Unga uliganda na maji ya kidonda ukawa ukoko mgumu, chini yake usaha ukajikusanya, na alitumia kwenye matibabu fedha nyingi kuliko alizotulipa sisi. Antibiotiki ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na ya kumeza haikutengenezwa kunyunyizwa kwenye kidonda.

Ya nne ni maji na jua. Wateja wengi huchora Ijumaa ili Jumapili wakajionyeshe Chemka, kwenye chemchemi ya kuogelea. Maji yale ni mazuri kwa macho na kwa mwili wenye ngozi nzima, lakini kidonda kilichozamishwa kwenye maji ya asili pamoja na miguu ya watu mia hukaribisha maambukizi, na magamba hulainika kabla ya wakati wake. Tunaomba wiki nne bila kuogelea popote, na kuoga kwa kujimwagia hakuna tatizo. Kuhusu jua, hali ya hewa ya Arusha hudanganya watu, kwa sababu mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ubaridi wake humfanya mtu asahau kwamba mionzi inayobabua ngozi huongezeka kadiri unavyopanda. Dereva mmoja wa watalii alichora simba kwenye mkono wa kulia siku mbili kabla ya safari ya siku saba kwenda Serengeti, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, mkono ule ulikaa dirishani, juani na kwenye vumbi, wiki nzima. Manyoya ya simba yale yalipauka upande wa nje pekee. Ungeweza kuchora mstari mahali dirisha lilipoishia. Vivyo hivyo kwa wapagazi wa Kilimanjaro, ambao nawashauri wasichore bega lolote wakiwa na safari ndani ya mwezi, kwani mikanda ya begi haina huruma.

Nakubali pia kwamba si kila baka ni kosa la mteja, na nikiitazama tatuu iliyopona huwa najua mara nyingi kosa ni la nani. Mstari uliofifia kwa urefu wake wote, ukiwa mwembamba na sawasawa, maana yake mkono wetu ulikuwa mwepesi mno. Kivuli cha bluu kilichosambaa pembeni ya mstari maana yake tulizamisha sindano kupita kiasi. Miaka mitatu iliyopita mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo kwenye kifundo cha mguu cha mama mmoja, mahali ambapo ngozi ni nyembamba, na nilimrekebishia mara mbili bila kumtoza senti. Lakini baka lenye umbo la gamba, au lililofuata mkanda wa begi, au lililo upande wa dirisha, hilo halikutoka mezani kwetu.

Marekebisho ya kosa letu ni bure. Ya gamba lililong'olewa ni shilingi 50,000, na hapo ndipo maneno huanza. Naomba ieleweke kwamba marekebisho hufungua sindano mpya, glavu mpya na vikombe vipya vya wino kama kazi nzima, na kila sindano huitoa kwenye pakiti yake mteja akiona. Wapo wanaosema mtaani mtu huchora kwa 30,000 na sindano anaichemsha. Kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, ilhali kutakasa chombo kwa mvuke wa mgandamizo kunahitaji nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na homa ya ini haisubiri bei nafuu. Sabuni na kikopo cha mafuta tunachouza kwa 15,000 si lazima ununue kwetu, lakini nunua mahali fulani, maana mteja anayekwepa elfu kumi na tano na kuoshea tatuu kwa sabuni ya mche ndiye anayerudi kulipa elfu hamsini.

Jambo moja la afya. Siku mbili tatu za kwanza uvimbe na joto kidogo ni kawaida. Vikiongezeka badala ya kupungua, usaha ukatoka, au homa ikaja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usitutumie picha kwanza. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu ambao maelezo mengi huutaja, kwani wengi wetu hatuuoni vizuri; ngozi hugeuka kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau. Weka mgongo wa kiganja juu ya mchoro, kisha kwenye mkono wa pili mahali palepale, ulinganishe joto. Mwenye historia ya makovu yanayovimba na kukua atuambie kabla hatujachora, hata kama kovu lenyewe lilitokana na kutoga masikio tu.

Muwasho wa wiki ya pili ni mgumu, najua. Pigapiga mchoro kwa kiganja kilichooshwa, au weka kitambaa safi chenye ubaridi juu ya nguo, na usiku kata kucha fupi kabisa. Dada wa waridi tulimpangia kurudi wiki ya nane, kwa sababu kabla ya wiki sita ngozi haijawa tayari kutobolewa tena, na tulikubaliana alipe nusu, kwa kuwa nilipopekua daftari niliona siku ile tulikuwa na foleni na hatukumpa karatasi ya maelekezo. Tangu hapo kila mteja huisaini kabla ya kuondoka, na siku ya saba anaruhusiwa kupita tuitazame tatuu yake bila malipo wala miadi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, isipokuwa Jumapili.