Kiuno cha suruali si kiuno cha mtu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu uzito iliwataka wasomaji wapande mizani, kisha wagawanye kilo zao kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Sina ugomvi na mizani. Ila mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 23 huu hapa Morogoro, na mezani kwangu kuna kipimo kingine: futi ya kupimia kiuno.

Hesabu hiyo, iitwayo BMI, aliibuni Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, si daktari. Kwa watu wengi kwa pamoja, inafaa. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la The Lancet, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni 10, ulikuta vifo ni vichache zaidi kwa wenye jibu la hesabu hiyo kati ya 20 na 25, vikazidi huku na huku: kwa wanene na kwa waliokonda. Wavutaji sigara na wenye maradhi sugu waliwekwa kando, maana ugonjwa humkondesha mtu kabla haujamuua. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Uganda UKIMWI waliuita "Slim", na mpaka leo mtu akipungua hapa mtaani wananong'ona, akinenepa wanamwambia maisha yamemkubali.

Lakini mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Mpakia magunia wa sokoni na karani wa ofisini wanaweza kuwa na kilo 85 wote wawili, warefu sawasawa, na nguo zao nisizishone kwa mkato mmoja. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye udugu na kisukari na magonjwa ya moyo.

Nina mteja ambaye daftari langu la 2008 linamwonyesha kiuno inchi 33. Leo anashikilia kuwa ni 34, na kwa suruali hasemi uongo: mkanda ameushusha, unapita chini ya kitambi. Nikizungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi (wengi huibana nikiwakaribia), napata 42. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanaume akivuka sentimita 94, yaani inchi 37, hatari imeanza kupanda. Akivuka 102 imepanda sana. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Mteja wangu ana kama 107, na suruali yake inamwambia yuko salama.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki. Wakanipima kilo, wakanipima presha, kiuno hawakukigusa. Nikamuuliza muuguzi kwa nini. Akasema futi hawana. Kesho yake nikawapelekea mbili.

Fundi cherehani,
Morogoro