Salim, penye tatizo ni kwenye breki

Ngara, Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mama na watoto natumai hawajambo. Sisi tu wazima, ila maneno yako ya Alhamisi yamenikaa moyoni. Ulisema umeme umeua magari ya kasi, na kwamba Ferrari yenye betri haina tofauti na Prius, ile haibridi ya Toyota inayotumia mafuta na umeme. Simu ikakatika sijakujibu, na hili siwezi kuliacha lipite.

Wewe uko usawa wa bahari. Mimi niko karibu mita 1,700 juu yake, na hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, ile pampu inayoisindilia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ulijionea mwenyewe ulipokuja Desemba, gari likachoka ukadhani plagi zimekufa. Tabo huziba pengo hilo lakini huchelewa: unakanyaga mafuta, unangoja, ndipo gari linafyatuka. Mota ya umeme haihitaji hewa, wala haingoji. McLaren walipotoa P1 mwaka 2013, waliiweka mota hiyo pamoja na injini ya V8, silinda nane, ya tabo mbili; tabo zikiwa bado zinavuta pumzi, mota inasukuma. Kwa hiyo kwenye kukanyaga mafuta, umeme umerudisha kile ambacho tabo ilikuwa imetunyang'anya. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Kwenye breki, nakubali.

Juzi nilitoa Toyota Aqua ya mteja, haibridi nayo, kuijaribu baada ya kubadilisha padi za breki. Nilivua kiatu ili nisikie vizuri. Unajua kwenye haibridi padi haziwahi kushika mwanzo: mota inageuka jenereta, inachaji betri, na huko kuchaji ndiko kunakopunguza mwendo. Ukikaribia kusimama, kazi inahamia kwa padi. Nilishusha mguu polepole, nguvu ile ile, na kabla tu ya kusimama nikasikia chini ya unyayo gari limejikaza kidogo, kama mtu aliyepokezwa gunia njiani. Kwenye Aqua hilo si neno. Lakini mtu anayeingia kona kwa kasi ya kutisha anaipima njia kwa unyayo wake, na kwenye 296 GTB, haibridi ya Ferrari, kompyuta ndiyo inayogawa kazi kati ya mota na diski za breki. Ferrari wameunda mfumo huo kwa ustadi mkubwa, sina shaka. Hata hivyo, kati ya mguu na diski pana mtu wa tatu, na mimi namwona.

Kisha uzito. Aventador ya Lamborghini ilipotoka ilikuwa kilo 1,575 bila mafuta na vimiminika vingine. Revuelto, haibridi iliyoirithi, yenye mota tatu, ni 1,772. Hao ni watu wazima watatu umewapakia. Mota mbili za mbele husaidia gari kugeuka, naam, lakini mzigo hauondoki kwa kuwa umefichwa.

Ndiyo maana namheshimu sana Gordon Murray, mzaliwa wa Durban, Mwafrika Kusini huyo aliyeunda gari la barabarani la McLaren F1. Gari lake la T.50 halifiki hata kilo 1,000, lina injini ya V12, silinda kumi na mbili, inayofika mizunguko 12,100 kwa dakika, na gia za mkono. Hakuna mota inayosukuma gurudumu. Alianza na kilo, nguvu zikafuata, na nadhani hapo ndipo wewe na mimi tunapokutana, ingawa Alhamisi tulipigiana kelele.

Ukipanda Agosti nitakutafutia haibridi tuteremke nayo kutoka Limuru. Uvue kiatu, usikie mwenyewe.

Beringi zako za gurudumu la mbele nimezipata Kirinyaga Road, mpya. Nitazipakia kwenye basi la kesho usiku. Mtume kijana stendi asubuhi mapema.

Wako,
Kamau