Hesabuni pumzi za mtoto kabla ya kununua dawa ya kikohozi

Mhariri,

Baridi inapoingia Njombe, Makete na Mbeya, watoto hukohoa, na wazazi wengi huupima ugonjwa kwa kumshika mtoto paji la uso. Nimonia haipimwi hivyo. Mtoto anaweza kuwa nayo bila homa, na mchanga wa wiki chache huweza hata kuwa wa baridi. Cha kutazama ni pumzi.

Kwanza mtoto atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu itadanganya. Apandishwe nguo hadi kifua na tumbo vionekane, kisha kila tumbo linapoinuka ihesabiwe pumzi moja, kwa saa ya simu, dakika 1 nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hakufai, kwa sababu mtoto mdogo hupumua mbio kidogo, akatulia, akaanza tena. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari (rudia kuhesabu ili kuhakikisha). Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 ni 40.

Kisha tazama chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto mzima akivuta hewa, kifua na tumbo hutanuka pamoja. Mwenye nimonia kali, mapafu yamekuwa magumu kwa maji na usaha, hivyo huvuta kwa nguvu mpaka sehemu ile inabonyea ndani. Huyo apelekwe hospitali usiku huohuo, sawa na anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hazinduki vizuri. Mchanga wa chini ya miezi 2 anayepumua haraka asitibiwe nyumbani kabisa.

Linalotuuma zaidi ni siku zinazopotea. Bado wapo wanaopeleka mtoto akakatwe kimeo. Kimeo hakileti nimonia. Kukikata huleta damu na kidonda, na mapafu yanaendelea kujaa. Wengine hupima malaria, majibu yakawa chanya, wakapewa dawa mseto na kuridhika. Mtoto mmoja anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, kwa hiyo pumzi zihesabiwe hata hapo.

Nimonia isiyo kali, kwa aliyetimiza miezi 2, hutibiwa kwa amoksilini inayoyeyuka katika maji kidogo au maziwa ya mama, mara 2 kwa siku kwa siku 5, kwa kipimo kinacholingana na uzito. Vidonge vya kuokoteza dukani bila mtoto kupimwa uzito mara nyingi havitoshi. Akichangamka siku ya pili, dozi iendelee. Siku ya tatu arudishwe kituoni, na akizidiwa kabla ya hapo asisubiri.

Tazameni pia kadi ya kliniki. Chanjo ya nimonia hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua miezi 9 na 18, kwani surua hufuatwa sana na nimonia. Miezi 6 ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama pekee.

Na jiko la mkaa litoke chumbani anamolala mtoto, hata kama baridi ni kali. Moshi na mafusho yake huchokoza mapafu, na katika chumba kilichofungwa hewa ya mkaa huua familia nzima usingizini. Mtoto avalishwe kofia na soksi, alale kifuani kwa mama aliye macho.

Wahudumu wa afya ya mtoto,
Njombe